Miguu inawaka tangu kemo: je, tuuze kiwanja nikapasuliwe neva?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 46, naishi Tanga. Kazi yangu ni ushonaji. Niko kwenye cherehani ya miguu tangu mwaka 2001, nashona zaidi sare za shule, na msimu wa harusi ukifika nashona magauni. Mwaka juzi niligundulika nina saratani ya titi la kushoto. Nikaondolewa titi, nikawekewa dripu za kemo, dawa za kuua saratani: nne za ile dawa nyekundu, kisha nne za paklitakseli kila baada ya wiki tatu, na mwisho nikapigwa mionzi. Sasa umepita mwaka na miezi miwili tangu dripu ya mwisho. Kliniki nahudhuria, na kila usiku nameza kidonge cha tamoksifeni cha kuzuia saratani isirudi. Wananiambia naendelea vizuri, namshukuru Mungu.

Shida yangu ni miguu. Ilianza kwenye dripu ya pili ya paklitakseli, vidole vya miguu vikafa ganzi, kisha ganzi ikapanda hadi vifundoni ikasimama hapo, miguu yote miwili, kama nimevaa soksi zisizovulika. Mchana ni ganzi, usiku ni moto. Nalala miguu iko nje ya shuka, nikiiweka sakafuni kwenye saruji napata nafuu kidogo. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba sisikii kanyagio. Mguu unakanyaga lakini siujui umekanyaga wapi, cherehani inakimbia, mshono unapinda, nafumua, naanza upya. Mwezi wa nne nilikanyaga kigae cha chupa uani, nikatembea nacho ndani ya nyumba mpaka binti yangu alipoona damu sakafuni.

Nilipomweleza daktari kliniki, aliniambia ni kawaida, itaisha. Mbona haiishi?

Mikono nayo ina ganzi kwa mbali, ncha za vidole. Wa kulia ndio umezidi. Saa nane za usiku naamka gumba na vidole viwili vinavyofuata vimekufa kabisa, inabidi niukung'ute mkono dakika kadhaa ndipo virudi. Mkasi umeniponyoka mara nyingi. Hilo si kubwa, nimeshalizoea, la miguu ndilo limenishinda.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Marekani. Amesoma kwamba huko kuna madaktari wanaofungua mishipa ya fahamu, yaani neva, iliyobanwa, wanapasua sehemu tatu kila mguu, na kwamba waliopata ganzi kwa sababu ya kemo wanapona. Ametafuta hospitali India inayofanya upasuaji huo. Familia imekaa kikao, wamekubaliana tuuze kiwanja chetu cha Pongwe, mtu wa milioni 11 ameshapatikana. Mume wangu ameridhia. Lakini kiwanja hicho ndicho pekee tulichowawekea watoto.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Naogopa kwamba hii siyo dawa, ni kansa imerudi, imeshika mgongo. Nisaidie, Daktari.

Fundi wa Tanga

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa ugonjwa, pole kwa dripu, na pole kwa kuibeba hofu hiyo peke yako mwaka mzima.

Nianze na hiyo hofu. Ganzi ya paklitakseli ina tabia zake, nawe umezieleza zote bila kufundishwa na mtu: ilianza dawa ikiwa bado inaingia, ikaanzia vidoleni, ikapanda miguu yote miwili sawasawa, ikasimama. Saratani inayoubana uti wa mgongo haina adabu hiyo. Huja na maumivu ya mgongo yanayozidi ukilala au ukikohoa, miguu kulegea, ganzi makalioni na kati ya mapaja, mkojo kugoma au kutoka bila wewe kujua. Hujataja hata moja. Siku ukiliona mojawapo, usingoje tarehe ya kliniki, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, maana uti wa mgongo ukibanwa kila saa ina thamani. Na kama ganzi iliyokwisha kutulia itaanza kupanda upya, hilo nalo ni la kumpelekea daktari haraka. Kwa sasa mwambie mumeo unachokiogopa, kisha mwambie daktari wako wa saratani kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia. Akupime nguvu za miguu, akugonge uti wa mgongo, akiona haja akuandikie picha.

Sasa kiwanja. Kisiuzwe. Sikwambii hivyo kwa sababu maumivu yako ni madogo, ila kwa sababu miguu yako, jinsi ulivyoieleza, siyo mahali ambapo kisu kina uhakika wa kufanya kazi.

Ndani ya kila seli ya mwili kuna vijibomba vyembamba mno. Seli ya saratani inavihitaji ili igawanyike. Paklitakseli inavigandisha, seli inashindwa kugawanyika, inakufa. Ndivyo dawa hiyo ilivyokupigania. Lakini mishipa ya fahamu inavitumia vijibomba hivyo hivyo kama reli. Kiini cha mshipa unaofika kwenye kidole cha mguu kiko kando ya uti wa mgongo, na kutoka hapo hadi kidoleni ni kama mita moja. Chakula na vipuri vyote husafiri juu ya reli hizo. Zikiganda, stesheni ya mwisho ndiyo inayokosa mzigo kwanza. Ndiyo maana vidole vya miguu vilitangulia, ndiyo maana unahisi soksi. Ncha zilizokufa zikianza kuota tena huenda kama milimita moja kwa siku, na si zote zinazoota. Wagonjwa wengi hupata nafuu taratibu katika miezi, hata miaka, baada ya dripu ya mwisho. Wengine hubaki na sehemu ya ganzi maisha yao yote. Aliyekwambia ni kawaida alisema kweli. Alipokosea ni kuishia hapo, akakuacha uende nyumbani na miguu isiyosikia chupa.

Mdogo wako naye hakuokota uongo. Mwaka 1973 madaktari wawili, Upton na McComas, waliandika katika jarida la Lancet kwamba mshipa wa fahamu uliojeruhiwa mahali pamoja huwa mnyonge ukibanwa mahali pengine. Mbano ambao mshipa wenye afya ungeuvumilia, ulio mgonjwa unaushindwa. Daktari wa upasuaji wa Baltimore, A. Lee Dellon, akalichukua wazo hilo akaanza kuifungua mifereji inayobana mishipa ya miguu ya wagonjwa wa kisukari wenye ganzi. Mwaka 2000 yeye na wenzake wakaandika kuhusu panya waliopewa sisplatini, dawa nyingine ya kemo inayoumiza neva, na mwaka 2004 kuhusu wagonjwa wachache wa saratani. Zile sehemu tatu alizosoma mdogo wako ni pembeni chini kidogo ya goti, juu ya wayo, na nyuma ya fundo la ndani la mguu. Daktari anapasua paa la mfereji, mshipa unapumua. Reli zilizoganda hazigusi. Anachoondoa ni mbano, kama mbano upo.

Na hapo ndipo penye shida. Waliopasuliwa kwa ganzi ya kemo, katika ripoti hizo, ni wachache, walichaguliwa, na hakukuwa na kundi la wenzao wasiopasuliwa la kulinganisha nalo. Kumbuka nilichosema, ganzi hii kwa wengi hupungua yenyewe. Mtu akipasuliwa mwezi wa 14 baada ya dripu ya mwisho na akapata nafuu mwezi wa 20, kilichomponya ni kisu au ni siku? Hata kwa kisukari, ambako upasuaji huu umefanywa mara nyingi zaidi, chama cha madaktari wa neva cha Marekani kilipitia ushahidi wote mwaka 2006 kikasema haujathibitishwa. Kusema haujathibitishwa si kusema ni utapeli. Lakini mimi siwezi kukutazama machoni nikakwambia uuze ardhi ya watoto kwa ajili ya kitu kilicho katika hali hiyo, ukakatwe sehemu sita kwenye miguu ambayo haisikii kidonda.

Ila kuna mstari mmoja katika barua yako nimeusoma mara tatu, na ni ule uliosema si mkubwa.

Mkono wako wa kulia. Ganzi ya kemo haichagui vidole. Inashika ncha zote tano, tena mikono yote miwili karibu sawa. Wewe unaamka saa nane za usiku na gumba, kidole cha shahada na cha kati vimekufa, unaukung'uta mkono vinarudi, na mkasi unakuponyoka. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna mfereji mwembamba. Sakafu yake ni mifupa, paa lake ni ukano mgumu, na ndani zimejipanga kano tisa za vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Mshipa huo unahudumia gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho haukihudumii, chenyewe kina mshipa wake unaopita njia nyingine. Mtu aliyeshika mkasi na kusukuma kitambaa tangu 2001 ana kila sababu ya mfereji huo kubana. Kisha juu yake ikaja paklitakseli ikaudhoofisha mshipa. Lile wazo la 1973 mimi naliona kwenye mkono wako kuliko kwenye miguu yako.

Kwa hiyo nenda hospitali ya mkoa, na unapoingia kwa daktari taja mkono kwanza, taja vidole kwa majina, taja saa nane za usiku. Ataugonga mfereji kwa ncha ya kidole; ukisikia kama shoti ya umeme inakimbilia vidoleni, hiyo ni alama ambayo daktari Mfaransa Jules Tinel aliieleza mwaka 1915 na bado inatumika. Atakwambia ukunje vifundo vya mikono, migongo ya viganja igusane, ukae hivyo dakika nzima, aone kama ganzi inakuja. Ataangalia pia nyama iliyo chini ya gumba kama imeanza kusinyaa. Ikiwa imesinyaa hakuna kungoja. Muulize kama unaweza kupata kipimo cha umeme wa neva, kinachoonyesha mshipa unachelewa wapi.

Tiba ya mwanzo ni rahisi hata kuiamini ni kazi: kufunga banzi usiku kifundo kikae kimenyooka. Jipe wiki sita. Isiposaidia kuna sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ndani ya mfereji, na kuna upasuaji wa kulikata lile paa. Huo una ushahidi wa miaka mingi, unafanywa kwa ganzi ya sindano mkononi tu, chale ni ya sentimita chache, na mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. India haihitajiki. Omba rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC pale Moshi au MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili. Mweleze daktari wa upasuaji kwamba umepata kemo na uko kwenye tamoksifeni. Na nikwambie mapema usije ukavunjika moyo: hata ukifaulu, ganzi ndogo ya ncha za vidole itabaki, kwa kuwa hiyo ni ya kemo. Kinachotakiwa kuondoka ni kule kuamka usiku na mkasi kuponyoka. Jipange wiki kadhaa bila kushona, usipange upasuaji karibu na kufunguliwa kwa shule.

Swali hilo hilo la mbano daktari aiulize na miguu. Akugonge nyuma ya fundo la ndani. Kama mguu mmoja utatoa shoti inayokimbilia unyayoni na mwingine hautoi, tutakuwa na mazungumzo mengine, na hayo pia yaanzie kwa daktari wa mifupa au wa neva hapa nchini. Akupime na vitu vingine vinavyoweza kukaa juu ya kemo na kuizidisha: sukari, vitamini B12, tezi ya shingo, virusi vya UKIMWI. Pia ukoma, usishtuke, bado upo nchini kwetu na unatibika.

Kwa moto wa usiku, dawa ambayo mwongozo wa chama cha madaktari wa saratani cha Marekani wa mwaka 2020 unaipendekeza kwa maumivu haya ni moja tu, duloksetini. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 231, matokeo yakatoka 2013: wiki moja miligramu 30, kisha 60 kwa siku. Katika kila 100 walioitumia, 59 walisema maumivu yamepungua. Kwa waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa walikuwa 38. Inasaidia, haifanyi muujiza, na inapunguza maumivu zaidi kuliko ganzi. Lakini wewe usiinunue duka la dawa ukaimeza kimya kimya! Tamoksifeni ili ifanye kazi yake vizuri lazima ini liigeuze, na duloksetini inakizuia kwa kiasi kile kimeng'enya kinachoigeuza. Tamoksifeni ndiyo inayokulinda saratani isirudi. Uandikiwe na daktari mmoja anayeziona dawa zote mbili. Anaweza kukuchagulia dawa nyingine ya jamii hiyo isiyogombana sana na tamoksifeni, au akujaribishie gabapentini au amitriptilini kwa kiasi kidogo usiku. Ushahidi wake ni mdogo zaidi, ila zinapatikana kwa urahisi na wapo zinaowasaidia.

Mdogo wako akitaka kukutumia virutubisho kutoka Marekani, mshukuru na umkataze. Kuna kimoja kinaitwa asetili-L-karnitini kilichokuwa kikisifiwa kwa neva. Kilipojaribiwa kwa wanawake wenye saratani ya titi waliokuwa wakipata dawa za kundi la paklitakseli, ganzi yao ilizidi. Na vitamini B6 kwa dozi kubwa, kwa muda mrefu, nayo huharibu neva.

Nilipokuwa daktari kijana niliwahudumia wagonjwa wa ukoma, na wao ndio walionifundisha mguu usiosikia ni kitu gani. (Ukoma nao huivimbisha mishipa ya fahamu ikabanwa kwenye mifereji hiyo hiyo, na madaktari wamekuwa wakiifungua kwa upasuaji tangu zamani.) Walikuwa wakikaa jioni kwenye kibaraza, wamegeuza nyayo, wanazisoma kama barua. Nakuomba ufanye hivyo. Kila jioni, mwanga ukiwepo, tazama nyayo na katikati ya vidole, au binti yako akutazamie. Usitembee peku hata ndani. Ndala hazitoshi, vaa viatu vilivyofungwa mbele, soli ngumu, na kabla ya kuvivaa vikung'ute, ingiza mkono uone hakuna pini. Kwa fundi cherehani sindano zilizodondoka ndio adui wa kwanza, nunua sumaku upitishe sakafuni kila unapomaliza kazi. Maji ya kuoga yajaribu kwa kiwiko, si kwa mguu. Na mtu asikukande kwa maji ya moto wala chupa ya moto, hata awe na mapenzi kiasi gani.

Kanyagio nalo tulifikirie. Fundi seremala akupigilie ukingo mdogo wa mpira nyuma ya kisigino na pembeni, mguu ukae mahali pake hata usipousikia. Shona umevaa kiatu chepesi kilichokukaa vizuri, siyo ndala. Kwa kazi ya kumalizia gauni la harusi, azima cherehani ya mkono, mwendo wake unaumiliki kwa mkono wa kulia, mradi mkono huo nao uwe umetibiwa. Na kila siku simama kando ya meza, viganja juu yake, nyanyua mguu mmoja uhesabu hadi kumi, badilisha. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuongezea mengine. Mazoezi ya mizani hayaoteshi neva, ila yanaufundisha mwili kusimama kwa kutumia zile ulizobaki nazo.

Kwenye kikao cha familia sema hivi: kiwanja kibaki, nipeni nauli ya Moshi na mtu wa kunisindikiza. Mdogo wako hela aliyokuwa tayari kuitoa aiweke kwenye viatu, dawa na zile wiki utakazokaa bila kushona. Ana moyo, mpe kazi ya kuufanyia.

Na usiku wa leo ukiamka saa nane, kabla hujaukung'uta mkono, gusa kidole cha mwisho uone kama chenyewe kiko hai. Kisha niandikie.